Aliyefuta Mwisho wa La Deux

Watu wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, walisema Mama Florentine alizaliwa na hasira. Akilisikia neno hilo alizidi kukasirika. Hakuna mtu anayezaliwa na hasira, alijibu. Hasira watu wanakuletea mpaka mlangoni, hata kama hukuiagiza, halafu wanashangaa ukiipokea.

Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kazi yake ilikuwa kupika kwenye karamu za wengine. Harusi, ubatizo, matanga, wakubwa wakipandishwa vyeo: palipokuwa na watu wengi wa kulisha, aliitwa yeye. Lituma yake, ile ndizi iliyopondwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, ilisifiwa kuanzia Mangobo hadi Makiso. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa raia, Citoyenne Lisasi, kwa jina la bibi yake, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na Chama kilichotawala nchi. Nyumbani na kanisani alibaki Florentine, na aliyemwita vingine alingoja sana kuitikiwa.

Jirani yake alikuwa Assumani, mtu wa Maniema, Mwislamu mpole ambaye alikuwa amejenga ukumbi wa mbao nyuma ya nyumba yake, akaweka mabenchi, televisheni na magnetoskopu, mashine ya kuchezesha kaseti za filamu. Siku za Jumapili vijana walijaa humo kama dagaa kwenye gunia. Mama Florentine hakuwahi kuingia. Alichojua juu ya ukumbi ule ni kelele zake tu: risasi, mayowe, magari yakilipuka, wakati yeye amekaa uani na rozari mkononi.

Jumapili moja ya mwaka themanini na nne kelele zilizidi. Ukuta wake ulitetemeka, sahani zikagongana kabatini. Aliiweka rozari, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kumkaripia Assumani.

"Assumani! Weye iko na kichwa kweli? Batu wanaomba Mungu hapa, na weye unatuletea vita kila siku ya Mungu?"

Assumani alikuwa mlangoni. Aliinua mikono miwili. "Mama, samahani. Hii iko filme mupya. Katembo ameileta toka Butembo. Nitapunguza sauti, Mama, ngoja tu hii kipande iishe."

Mama Florentine alikuwa ameshatupa jicho ndani, juu ya vichwa vya vijana, na kwenye kioo aliona garimoshi.

Lilikuwa garimoshi kuukuu, jeusi, lenye kutu, limesimama katikati ya nchi iliyoungua. Mwanamume mmoja aliyekonda alikuwa amelala chini yake na mafuta mpaka usoni, akigonga chuma kwa nyundo, na pembeni watu wenye nguo zilizochanika walikuwa wakimtazama kama wanavyotazama mgonjwa anayepumua kwa shida. Yule mtu akatoka, akapanda, akavuta kitu. Mvuke ukapiga kelele. Ukumbi mzima ukapiga kelele pamoja nao.

Mama Florentine alisimama pale mlangoni mpaka filamu ikaisha. Hasira aliyokuja nayo hakujua ilikwenda wapi.

Inafaa kueleza filamu yenyewe, kwa sababu Kisangani nzima iliijua, na asiyeijua hawezi kuelewa yaliyotokea. Ilikuwa sehemu ya pili. Ya kwanza wachache waliiona, na walioiona walisema ni mtu anayetembea peke yake kwenye majivu bila kusema na mtu. Lakini ya pili! Hata jina lake halisi watu waliliacha; waliiita La Deux, basi. Ndani yake dunia imekwisha. Vita kubwa imepita, miji imekuwa makaa, na waliobaki wanaishi ndani ya mabehewa yaliyosahauliwa relini. Ng'ambo ya korongo kuna udongo unaoota mbegu, lakini njia ni daraja moja tu la chuma, na daraja limeshikwa na genge la watu wenye silaha. Mkuu wa genge anavaa mashada ya funguo shingoni, na katika Kifaransa cha filamu ile watu wake wanamwita "Guide", yaani Kiongozi. Yule fundi wa garimoshi, ambaye vijana walimpa jina la Mashini, anatengeneza garimoshi, anawapakia watu, anakwenda kuvuka kwa nguvu. Na mbele yao wote kuna bibi kizee mwenye mfuko wa mbegu kifuani. Guide anapowaambia warudi, bibi anashuka, anasimama kwenye reli, anasema: "Mimi nilikuwa hapa mbele ya hili daraja."

Maneno hayo, yaani kabla daraja halijajengwa yeye alikuwepo, yaliwekwa kwa Kiswahili na Léon, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akikaa mbele ukumbini na kuwatafsiria wasiojua Kifaransa. Léon alikuwa na koo la padri na mikono ya mwigizaji. Alipotoa sentensi ile mara ya kwanza, Mama Florentine alihisi mtu amemshika bega.

Kwa sababu yeye dunia yake iliwahi kwisha. Haikuwa mambo ya kesho, ilikuwa mwaka sitini na nne, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Mumewe, Léopold, alikuwa mfanyakazi wa reli upande wa pili wa mto, kule Lubunga, treni za kwenda Ponthierville. Waasi walipoingia treni zilisimama. Léopold alivuka asubuhi moja kwenda kuangalia mashine yake isiharibike, kama mtu anavyokwenda kuangalia mbuzi wake, na hakurudi. Alipoona mji unakwisha, Florentine alimfunga binti yake Sophie mgongoni, akakamata njia ya Bengamisa kwa miguu, kichwani sufuria na ndani ya sufuria chumvi. Njiani askari mmoja alitaka ile sufuria. Florentine alimwambia ampige risasi kwanza. Askari alikuwa kijana, alicheka, akampisha. Miaka ishirini alikuwa hajamsimulia mtu jambo hilo, kwa kuwa kila aliyekuwa hai wakati ule alikuwa na la kwake.

Na sasa watu wa mbali, Wazungu wasiojua hata Kisangani iko wapi, walikuwa wameliweka kwenye kioo: garimoshi, mama na mfuko wake, na kijana mwenye bunduki anayeshindwa la kufanya.

Jumapili iliyofuata alirudi, na safari hii alikaa benchi la mbele. Vijana walicheka. Mmoja akauliza kama bibi amepotea njia ya kanisa.

"Kijana," alisema bila kugeuka, "hii mambo weye unaona mu televizio, mimi niliiona na macho. Nyamaza ujifunze."

Akanyamaza. Baada ya muda walimwachia nafasi yake hata kabla hajafika, na filamu ilipoanza walimtazama yeye kwanza, waone kama ameridhika. Alikuwa mkali kuliko wote. Hakuruhusu mtu kutoka kabla ya mwisho. Hakuruhusu mtu kusema ya kwanza ilikuwa nzuri. Kijana mmoja aliyethubutu kusema kwamba Mashini angeweza kuvuka bila yule bibi, alifukuzwa mpaka barabarani kwa maneno tu, na akarudi kuomba msamaha.

Mji uliipenda La Deux kwa namna ya ajabu. Vijana walijikata nywele kama Mashini. Mafundi magari wa barabara ya Bangboka walichora garimoshi kwenye milango ya malori. Na ile sentensi ya bibi ikatoka ukumbini ikaanza kutembea yenyewe. Kwenye foleni ya sukari mtu akisukumwa alisema, "Mimi nilikuwa hapa mbele ya hili daraja." Mama wauza mihogo walimwambia hivyo mtoza kodi wa soko, naye alijua inatoka wapi, kwa hiyo alicheka na kupita. Na kila Jumapili, Guide alipoteleza kwenye chuma na kuning'inia kwa mashada yake ya funguo, halafu akaanguka korongoni na funguo zake zikilia njia nzima, ukumbi wa Assumani ulicheka kicheko kilichosikika hadi barabara kuu.

Kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Nchini kulikuwa na Guide mmoja tu, rais mwenyewe; picha yake ilikuwa kila ofisi, na wimbo wake uliimbwa kila asubuhi kabla ya masomo. Mtu fulani alipeleka habari. Siku moja ya juma likafika gari, wakashuka vijana wa Chama wakiwa na mkubwa wao, Citoyen Lokombe, mtu mrefu mwenye abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya watu wa Chama, aliyejiita msimamizi wa maadili ya kamati fulani. Waliingia ukumbini bila kubisha, wakatoa kaseti ndani ya mashine.

Mama Florentine alifika mbio, mikono ikiwa na unga.

"Citoyen, hii filme imefanya nini?"

"Citoyenne, hii filme inafundisha batu fujo," alisema Lokombe, taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Inaonyesha njaa, inaonyesha batu wanakimbia, wanauana. Hii mambo haiko kwetu. Sisi iko na amani. Na hicho kicheko yenu, mukisikia lile jina, kiko matusi kwa inchi."

"Haiko kwetu?" Sauti yake ilipanda. "Mwaka sitini na nne weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa masomoni Ubelgiji," alisema Lokombe, akaingia garini.

Hilo lilimchoma kuliko kaseti yenyewe. Alirudi nyumbani, akakanda ule unga mpaka mkono ukamuuma. Ubelgiji! Mtu aliyekula siagi wakati watu wanakula mizizi ndiye anayekuja kuwaambia waliokula mizizi kwamba mizizi haikuwepo. Assumani alimwomba asiseme kwa sauti. Léon alimwomba pia. Alisema kwa sauti.

Ukumbi uliendelea na filamu nyingine, za karate na za mapenzi, lakini mabenchi yalianza kuwa na nafasi. Watu walikaa nje wakisimuliana La Deux kipande kwa kipande, wakibishana mpaka karibu kupigana: behewa la watoto lilikuwa la pili au la mwisho? Mashini alifunga jeraha kwa kitambaa chake au cha bibi? Kaseti nyingine haikupatikana. Katembo, yule mfanyabiashara wa maharage aliyeleta ya kwanza, aliulizia Beni na Butembo, akarudi mikono mitupu.

Kabla ya msimu wa mvua kwisha, Mama Florentine aliitwa kupika kwenye nyumba moja kubwa ya Makiso, mtaa wa wakubwa, karamu ya mchana wa Jumamosi, baada ya salongo. Mji mzima ulikuwa umefagia barabara na kuzibua mitaro tangu alfajiri, kama ilivyokuwa sheria. Alipofika na sufuria zake aligundua ni nyumba ya Lokombe. Nusura ageuke. Lakini Mama Adèle, mke wa Lokombe, mwanamke mfupi mwenye macho ya uchovu, alikuwa ameshamshika mkono na kumpeleka jikoni, akimshukuru kana kwamba amekuja kumwokoa. Akabaki. Kazi ni kazi, alijiambia, na samaki walikuwa wazuri, kapitene wakubwa waliotoka kwa Wagenya, wavuvi wa mto, asubuhi ileile.

Walifunga maboke pamoja, samaki ndani ya majani, wakazungumza juu ya bei na watoto. Kisha kutoka sebuleni, nyuma ya pazia, ikasikika filimbi ya garimoshi.

Jani lilimtoka mkononi.

"Ni nini ile?"

Mama Adèle alitabasamu. "Aa, ile? Iko filme yao. Tangu wameileta hawachoki. Kila wageni wakikuya, lazima wawaonyeshe. Hata mimi sasa ninaijua yote." Na kwa sauti ya chini, huku anafunga kamba, akaimba ule muziki wa garimoshi linapoanza kutembea.

Mama Florentine alifunga jani la mwisho. Alipanga maboke kwenye sinia, akamwagia pilipili pembeni, akalinyanyua sinia mwenyewe, ingawa kulikuwa na watu wa kupeleka chakula. Alipita pazia.

Wanaume walikuwa wamejaa kwenye viti vya velveti, abacost zimefunguliwa vifungo, chupa za bia mezani. Kwenye kioo bibi alikuwa ameshasimama relini, ameshasema neno lake, garimoshi lilikuwa juu ya daraja. Guide aliteleza. Akaning'inia. Funguo zikaanza kulia.

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akajipiga mapaja, mwingine akatoa leso kufuta machozi, na Citoyen Lokombe mwenyewe, kichwa nyuma, meno yote nje, alikuwa akisema, "Ngojeni! Ngojeni! Anaanguka sasa!"

"Munacheka nini?" alisema Mama Florentine.

Hawakumsikia. Akarudia kwa ile sauti yake ya kuvuka mto.

"Minauliza, munacheka nini!"

Mtu mmoja alizima televisheni. Bia zikabaki zikitoa mapovu.

"Mama," alisema Lokombe, "weka chakula, rudi ku jikoni."

"Hapana. Jibuni kwanza. Sisi kule Kabondo tulicheka hapo hapo. Hapo hapo kabisa! Mukakuya na gari, mukasema kicheko yetu iko matusi kwa inchi. Alors, yenu iko nini? Iko sala?"

"Hapa hakuna mutu anacheka. Hii iko kazi. Kamati inaichunguza hii filme."

"Munaichunguza na pombe? Munaichunguza kila Jumamosi?" Sinia lilikuwa limeinama mikononi mwake, na mchuzi ulianza kudondoka kwenye zulia. "Citoyen Lokombe, batu wa Kabondo walikula njaa, wakazika batu yao, wakafagia barabara zenu leo asubuhi. Kitu moja tu walikuwa nayo siku ya Mungu. Kitu moja! Kama iko sumu, imwageni. Kama iko chakula, mbona munakula peke yenu?"

Mmoja wa wageni alikuwa akifunga vifungo vya abacost yake, kimoja kimoja, macho chini.

Aliweka sinia mezani katikati ya chupa, akavua kitambaa cha kichwa alichovaa kwa kazi. "Lituma iko ku moto," alisema. "Mutapakua wenyewe."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Hofu haikumpata mpaka alipofika barabarani. Alijua watu waliochukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nyumbani alifunga nguo chache kwenye kitambaa, akampa Assumani ufunguo, akamwambia amwandikie Sophie huko Isiro iwapo kutatokea lolote. Léon alikuja, akasikia habari yote, akasema, "Mama, uliwasema kweli vile? Mbele ya wote?" Na ingawa alikuwa na hofu, hakuweza kuficha furaha yake.

Siku zikapita. Hakuna gari lililokuja. Aliyekuja, siku moja asubuhi, alikuwa Mama Adèle, amejifunika kitenge mpaka nywele, kikapu mkononi.

"Hawalali," alisema alipokaa. "Ile siku uliondoka, chakula hakikulika. Kila mutu alikuwa anaangalia mwenzake: nani alicheka, nani alicheka zaidi. Mume wangu anasema kama anakukamata, utaulizwa, na ukiulizwa utasema. Sasa rafiki zake hawakuyi tena. Wanaogopana." Alitoa kwenye kikapu, chini ya matembele, kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Anasema hii ikuye kwenu. Hataki tena ionekane ku nyumba."

Ilikuwa kaseti.

Mama Florentine aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwingine, kwa woga wa kuidondosha. Alimpa rundo la ndizi la kubeba. Mama Adèle aliondoka haraka. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kwamba katika wote alimpenda yule bibi.

Habari ilienea bila kutangazwa. Jumapili ile ukumbi ulijaa hata watu wakatoa mbao mbili za ukuta ili walio nje waone. Walikuja mafundi wa Bangboka, wauza mihogo, mtoza kodi wa soko mwenyewe akiwa amevaa kofia ya kujificha. Assumani alisukuma kaseti ndani. Léon alianza kutafsiri, lakini hakuna aliyemhitaji. Walisema naye maneno yote, hadi minong'ono. Bibi alishuka relini. Watu mia kwa sauti moja walimwambia Guide nani alikuwa hapa mbele ya hili daraja. Garimoshi likaingia darajani.

Kisha kioo kikacheza, mistari ikapita, na mahali pa daraja pakatokea uwanja, na kwenye uwanja wanawake na wanaume waliovaa kitambaa chenye picha ya Guide wa kweli, wakitikisa viuno na kuimba sifa za Chama. Ngoma za siasa, zilezile za kwenye televisheni ya taifa kila jioni. Assumani alipeleka kaseti mbele. Wacheza ngoma walikimbia kama siafu. Akapeleka mbele zaidi. Ngoma mpaka mwisho wa utepe.

Mwanzoni hawakuelewa. Léon ndiye aliyeelewa. "Lokombe ameifuta," alisema. "Amefuta kule alicheka."

Kelele iliyotoka pale, mtu angedhani ukumbi unaanguka. Benchi lilivunjwa. Mwanamke mmoja alilia wazi, si kwa ajili ya sinema tu, na kila mtu alijua. Kijana fulani alitaka waende Makiso sasa hivi, wote, na mawe. Wangekwenda, na wangepigwa risasi, kwa sababu watu wa Guide wa kweli hawakuwa wakishindwa na vibibi.

Mama Florentine alisimama mbele ya televisheni. Nyuma yake wacheza ngoma waliendelea kutikisika bila sauti.

"Kaeni," alisema. "Kaeni chini! Mutakufa kwa sababu ya huyu mupumbavu? Alifuta kaseti. Mimi amenifuta? Kichwa yangu ameirekodi ngoma juu yake?"

Wakakaa, wakiguna.

Akawasimulia. Alianza mahali palipokatika: garimoshi darajani, chuma kinalia, Guide anakimbia juu ya mabehewa. Alimfanya ateleze. Alimfanya aning'inie muda mrefu kuliko alivyoning'inia kwenye filamu, mpaka watu wakaomba aanguke, akamwangusha, na kila ufunguo aliupa mlio wake. Kicheko kilitoka, kikaenda barabara kuu kama zamani. Lakini hakuishia hapo. Garimoshi lilifika ng'ambo. Watu walishuka. Yule bibi alikagua udongo kwa vidole, akaonja, akatema, akasema unafaa. Akauliza nani ana moto. Akapika, na wakati sufuria inachemka, kila mmoja alitaja waliokufa njiani, kwa majina, na ukumbini watu walianza kutaja wa kwao, sauti za chini, kutoka kila benchi. Yeye alimtaja Léopold. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja mbele za watu.

Tangu siku ile La Deux ilionyeshwa hivyo: kaseti mpaka daraja, halafu Mama Florentine. Lokombe alihamishiwa mkoa mwingine, na kuhamishwa kwake kuliitwa kupandishwa cheo, jambo ambalo Mama Florentine hakulisamehe. Makiso hakuitwa tena kupika. Harusi za Kabondo zilimtosha, na zote zilitaka asimulie baada ya chakula.

Miaka ilipita, na Léon, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alikwenda Bujumbura na kurudi na kaseti nzima, haijaguswa, ikiwa ndani ya boksi lake lenye picha. Kabondo haikulala kwa shangwe. Walikuwepo vijana waliokuwa watoto wachanga filamu ilipofika, na ambao walijua kila neno.

Daraja likavukwa. Guide akateleza, akaning'inia kidogo tu, akaanguka. Garimoshi likafika ng'ambo. Milango ya mabehewa ikafunguka. Mashini akatazama upeo wa macho. Muziki. Majina ya Wazungu yakaanza kupanda kwenye kioo.

Watu waliendelea kukaa, wakingoja.

"Wamekata!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Iko wapi sufuria?"

"Iko wapi majina?"

"Lokombe amefika mpaka Bujumbura!"

Léon aliapa kwamba hakuna kilichokatwa. Alionyesha boksi, alionyesha utepe. Assumani aliapa kwa Mungu. Hawakuaminiwa. Hatimaye wote walimgeukia Mama Florentine, ambaye alikuwa amekaa kwenye nafasi yake, mikono imefungwa kifuani, akikitazama kioo kama anavyotazama chakula cha mpishi mwingine.

"Mama," alisema Léon kwa upole, "zamani pia iliisha hivi, si kweli?"

Alipojibu alikuwa amewaka.

"Batu wametembea mu jangwa, wamepigana, wamezika batoto. Wanashuka mu treni na njaa. Na hakuna hata mutu moja anauliza watakula nini? Yule mama alibeba mbegu bure?" Alisimama, akajifunga kitenge. "Mimi sijali waliitengeneza vipi. Vile haiwezi kuisha."

Ukumbi ulimshangilia mpaka vumbi likashuka darini. Boksi lenye picha Assumani aliliweka juu ya rafu, pazuri, kila mtu alione. Lakini Jumapili zilizofuata, garimoshi lilipofika ng'ambo, alilazimika kuzima mashine na kumsogezea Mama Florentine kiti. Siku moja tu alijaribu kuiacha iende mpaka mwisho wake, na walimzomea hadi akaizima.